Transista za kale za gerimani kwenye pedali ya fazi: tupime kwa joto la Dar

SoloWaTemeke

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo naanzisha uzi kwa sababu kuna jambo limenigharimu na sitaki limgharimu mwingine.

Mwezi wa saba mwaka jana nilitengeneza pedali ya fazi, ile inayofanya gitaa lilie kwa sauti ya kuchanika, kama spika iliyopasuka lakini tamu. Niliweka transista mbili (vipande vidogo vya kukuza sauti) aina ya AC128, za gerimani, madini yaliyotumika kabla ya silikoni, nilizopata kwa fundi mmoja Tandika aliyekuwa anafunga kibanda. Usiku wa Julai Temeke kuna kaupepo, na pedali iliimba vizuri mno. Noti inakaa, na ukipunguza voliyumu ya gitaa sauti inatakata yenyewe bila kukanyaga swichi. Mwezi wa pili tukapiga kwenye harusi Mbagala, ukumbi wa mabati, saa tisa alasiri. Wimbo wa kwanza tu, pedali ikaanza kukohoa. Noti inatoka nusu, inakatika, inapotea. Nikabadili betri. Nikabadili waya. Mwishowe nikaichomoa na kumaliza shughuli kwa gitaa kavu, huku bwana harusi ndiye aliyeniomba ile sauti. Saa nne usiku niko nyumbani, nimeifungua mezani, feni inapuliza, ikaimba tena.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba ni joto. Transista ya gerimani inavuja. Ina miguu mitatu: beisi inayoamuru, kolekta na emita. Hata usipoipa beisi chochote, mkondo kidogo unapita kati ya kolekta na emita, na uvujaji huo unakaribia kuongezeka mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10. Namba tunazosoma mtandaoni zimepimwa na watu walioko kwenye vyumba vya nyuzi 20. Transista inayovuja mikroampia 100 kwao, kwangu Februari mchana inavuja 200 na ushee, na chini ya mabati inazidi hapo. Yeye anaiita nzuri, na hasemi uongo. Ila mimi nikiifuata namba yake nitaaibika Mbagala.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila atakayechangia: ukitaja namba ya transista, taja na saa uliyopima.

Kabla ya kupima, ujue umeshika nini. Kwa transista za Ulaya, herufi ya kwanza A ni gerimani, B ni silikoni. Ya pili ikiwa C ni ya sauti, nguvu ndogo. D ni ya sauti, nguvu kubwa. F ni ya masafa ya redio. Hivyo AC128 ni gerimani ya sauti, AF117 ni gerimani ya masafa, BC108 ni silikoni. Zinazoanza na OC (OC44, OC71, OC75) ni za kale zaidi na ni gerimani, ukiacha familia ya OC200 ambayo ni silikoni. Za Kijapani hazina msaada huo: 2SA na 2SB ni PNP, 2SC na 2SD ni NPN (aina mbili ambazo chanya na hasi zimegeuzana), lakini herufi hazikwambii ni gerimani au silikoni. Redio nyingi za National zilizojaa majumbani kwetu zina 2SB, kwa hiyo hizo lazima upime. Na ukikuta kikopo kimeandikwa M halafu herufi inayofanana na fremu ya mlango, hiyo ni MP ya Kirusi. MP39 hadi MP42 ni PNP, MP35 hadi MP38 ni NPN. Usizidharau, zipo zinazovuja kidogo kuliko za Ulaya zenye jina kubwa.

Halafu nina swali. Kwa bibi yangu Ilala ipo redio ya Philips ya mbao, imenyamaza tangu sijazaliwa. Nimechungulia nyuma: AF117 tatu, na AC128 mbili mwishoni. Mkono unaniwasha nizing'oe. Mnasemaje?

Mgeni_Kinondoni

Mkuu ahsante kwa nondo. Mimi nina OC71 nne nilizonunua Kariakoo. Nyeusi, zinang'aa, maandishi meupe yamenyooka. Muuzaji aliniapia kuwa ni mzigo wa zamani uliokaa stoo bila kutumika. Nimezichomeka kwenye tundu la hFE la mita yangu (la kupima ukuzaji, yaani transista inakuza mara ngapi), zikasoma 262, 270, 268 na 265. Nimefurahi kuona zinalingana hivyo. Niko sahihi?

SoloWaTemeke

Kaka, kulingana huko ndiko kunanitia shaka. Gerimani za kale hazilingani hata zikitoka boksi moja, na OC71 halisi kwa kawaida iko chini ya 100. Fanya hivi.

Weka mita kwenye alama ya diodi. Tafuta mguu ambao ukiugusa kwa waya mweusi, na mwekundu ukigusa miguu mingine miwili kwa zamu, zote mbili zinasoma. Huo ni beisi na transista ni PNP. Ikiwa ni mwekundu ndio unaokaa kwenye mguu wa pamoja, ni NPN. Sasa tazama namba. Gerimani inasoma kati ya volti 0.1 na 0.3 hivi. Silikoni inasoma 0.6 na kitu. Ukiona 0.65 kwenye kitu kilichoandikwa OC71, umeuziwa silikoni iliyopakwa rangi.

Lile tundu la hFE usiliamini kwa gerimani, maana linahesabu uvujaji kama ukuzaji. Transista mbovu kabisa inaweza kusoma 300 na ukaiona malaika. Tengeneza kipimo hiki, kinakaa kwenye kipande cha ubao. Kwa PNP, emita iende kwenye chanya ya betri ya volti 9. Kolekta iende kwenye rezista ya 2.2K (omu 2,200) iliyounganishwa na ya 270 kwa mfululizo, halafu kwenye hasi. Kutoka beisi weka rezista ya 2.2M, kisha kitufe, kisha hasi. Mita iwe kwenye volti, ncha zake juu ya zile rezista mbili za kolekta.

Usibonyeze kitufe kwanza. Soma. Huo ni uvujaji mtupu: volti 0.25 ni kama mikroampia 100. Sasa bonyeza. Tuseme inapanda hadi 1.05. Toa 0.25, unabaki na 0.80, zidisha kwa 100: ukuzaji wa kweli ni 80. Aliyetumia tundu anaondoka na 105 kichwani. Silikoni kwenye kipimo hiki, kabla ya kubonyeza, inasoma sifuri tupu.

Na usishike transista kwa vidole wakati unasoma. Jana nimeibana moja kwa vidole viwili, ikatoka 0.24 hadi 0.31 kabla sijahesabu ishirini. Iweke, iache, nenda kanywe maji, rudi usome.

Mgeni_Kinondoni

Nimepima mkuu. Zote nne, 0.66. Nimeumia, ila bora nimejua.

FundiRedio_Wazamani

Vijana, hamjambo. Nimekuwa nikisoma, nimeona nichangie. Redio nimezishika tangu 1974.

Hizo herufi OC zina asili yake. Zilirithiwa kutoka kwenye majina ya valvu (zile taa za kioo za redio za kale), ambako herufi ya kwanza ilieleza umeme wa kupasha moto. O ilimaanisha hakuna cha kupasha, C ni ya miguu mitatu ya kazi. Ndiyo maana diodi za wakati ule ni OA.

Huyo mwenzenu wa Kinondoni angeweza kujua hata bila mita. OC71 ya zamani ni kichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Ukikwangua kidogo kwa wembe karibu na miguu, unaona kioo, na ndani yake ute mweupe kama mafuta ya kujipaka yaliyoganda. Rangi ile iliwekwa ili mwanga usiingie, kwa sababu mwanga ukiipiga ile gerimani nayo inapitisha mkondo. Palikuwa na vijana wakikwangua OC71 makusudi wapate jicho la mwanga. Kwa hiyo ukishakagua, ziba kwa rangi nyeusi ya kucha, la sivyo pedali yako itakoroma chini ya taa za ukumbi. Kidoti cha rangi kwenye mwili wake kiko upande wa kolekta.

Jambo la pili, joto la kuchomelea risasi. Gerimani haivumilii. Unapochomelea, bana mguu kwa koleo ndogo kati ya chuma cha moto na mwili, ili koleo linywe joto. Mguu mmoja, subiri, mwingine. Usikate miguu iwe mifupi. Mimi naona heri soketi, maana ninyi mtabadilisha mara kumi kabla hamjaridhika.

Sasa hiyo redio ya bibi. Mwanangu, usiiguse kwa nia hiyo. Tunazimaliza. Kila wiki naletewa mbao tupu, ndani kumekombwa, na aliyekomba hakupata zaidi ya transista mbili za kufaa. Redio iliyokaa kimya siyo redio iliyokufa, na yenye AF117 ninaweza kukisia ugonjwa wake bila kuiona.

AF117 ina miguu minne. Mitatu ni ya kazi, wa nne umeshikamana na kopo lenyewe, na kwenye redio unakwenda ethi, njia ya pamoja ya saketi. Ndani ya lile kopo, miaka inavyopita, bati linaota nywele, nyembamba kuliko za kichwani mwako. Nywele moja ikigusa kiini cha transista, kolekta au beisi inashikana na ethi na redio inanyamaza. Transista yenyewe ni nzima. Unachofanya ni kukata ule mguu wa kopo peke yake, tena karibu na bodi, usiuondoe wote. Kopo likishaachana na ethi, nywele ziguse zisiguse, redio inasema. Kata moja, washa, sikiliza, kata nyingine.

Kama unataka transista za kuchezea, nenda Gerezani kwa wauza chakavu, tafuta bodi ambazo maji ya betri yameshakula njia zote za shaba. Hizo haziponi tena. Kule ndiko uchukue.

SoloWaTemeke

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Jumapili nakwenda Ilala na koleo.

FundiRedio_Wazamani

Marahaba mwanangu. Nenda na betri mpya pia. Na safisha vishikio vyake kwanza, visiwe na kutu.

KijanaWaMwenge

Wakuu natofautiana kidogo, kwa heshima. Haya mateso yote ya nini? BC108 haivuji, haijali mabati wala Februari, na mtu akipiga harusi mchana anahitaji kitu kinachowaka kila siku. Yangu ina BC108C mbili, mwaka wa tatu. Tatizo langu ni moja: nikiwa nyumbani Mwenge, nikikanyaga pedali bila kupiga gitaa, spika inatoa mtu anasoma taarifa ya habari.

SoloWaTemeke

Kaka wa Mwenge, sikupingi. Arbiter wenyewe (baadaye Dallas Arbiter), walioitoa Fuzz Face, pedali ambayo saketi yake ndiyo ninayoifuata, kule London mwaka 1966 ikiwa na gerimani za NKT275, haikupita miaka mingi wakahamia silikoni, kwa sababu hizi hizi. Na kwa harusi za mchana nakubali, silikoni ndiyo kazi. Ila C imezidi. BC108 zina makundi: A ni 110 hadi 220, B ni 200 hadi 450, C ni 420 hadi 800. Jaribu A, au B ya chini, utaona makali yanapungua. Na huyo msoma habari atanyamaza ukiweka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza.

Kinachonirudisha kwenye gerimani ni mkono wa kushoto na kidole kidogo cha kulia. Ukiwa na gerimani nzuri, unapunguza voliyumu ya gitaa kidogo tu, gitaa linakuwa safi na linametameta, unapiga rizimu ya dansi vizuri kabisa. Unapandisha, solo hiyo. Pedali imewaka muda wote. Silikoni yangu ikipunguzwa hivyo bado inakwaruza pembeni. Watu wa Zambia miaka ya sabini, Paul Ngozi na bendi ya WITCH, walijenga muziki mzima juu ya fazi, na ng'ambo hii ya reli ya TAZARA tuna masikio ya kuielewa sauti hiyo.

Sasa saketi. Ukiondoa jeki, swichi na betri, Fuzz Face ni vipande 11: transista 2, rezista 4 (33K, 8.2K, 470 na 100K), kapasita 3 (mikrofaradi 2.2, 20 na 0.01), kontroli 2 (1K ya fazi, 500K ya sauti). Kwa PNP, chanya ya betri ndiyo ethi, kwa hiyo pedali hii isitumie adapta moja na pedali nyingine. Mtu akichanganya, anashotisha.

Sehemu iliyoniua Mbagala ni hii. Transista ya kwanza inalishwa kupitia 33K. Kolekta yake inakaa chini ya volti moja, maana imeshikana na beisi ya transista ya pili. Kwa hiyo juu ya ile 33K kuna kama volti 8 na nusu, na ukigawa unapata mikroampia 250 hivi. Huo ndio mkondo wote iliopewa. Ikiwa transista yenyewe inavuja 100, bado ina 150 ya kufanyia kazi ya gitaa. Ikivuja 230, imebakiwa na makombo. Transista ya pili inakosa cha kula, na noti ndogo hazipiti kabisa. Ule ndio ukohozi.

Ndiyo maana nasema isiyovuja sana iende nafasi ya kwanza, hata kama ukuzaji wake ni mdogo. 70 au 80 inatosha kabisa pale. Yenye 110 hadi 130 iende ya pili, na hiyo hata ikivuja zaidi kidogo inavumilika, kwa sababu unaweza kuirekebisha. Toa ile 8.2K, weka kontroli ndogo ya 20K ya kuzungusha kwa bisibisi, pima kolekta ya pili mpaka isome karibu volti 4.5 kutoka ethi. Yangu usiku ilikuwa 4.6. Nimeipima mchana Februari juu ya meza ya uani: 7.4. Mimi sasa kontroli hiyo nimeitoa nje ya boksi, ina kitasa chake. Kabla ya kupiga naizungusha kwa sikio mpaka noti ikae.

BesiYaKwaya

Habari zenu. Mimi ni dada, napiga besi kanisani, na nimevutiwa na hili la saa ya kupimia. Nina AC128 sita na 2SB tatu kutoka kwenye bodi zilizooza. Nimezipima zote mara mbili siku moja: saa kumi na moja alfajiri, kipimajoto kikiwa 26, na saa nane mchana, 33.

Sitaandika zote. AC128 niliyoipa namba 4: alfajiri uvujaji 0.31, jumla 1.14, kwa hiyo ukuzaji 83. Mchana uvujaji 0.50, jumla 1.36, ukuzaji 86. Ukuzaji haukusogea sana, uvujaji umeruka. Namba 2 alfajiri ilikuwa na 0.62, nikadhani inavumilika, mchana ikaonyesha volti 1.03 bila kubonyeza chochote. Hiyo nimeiweka pembeni. Iliyonishangaza ni 2SB moja, imechakaa, maandishi hayasomeki vizuri, 0.08 alfajiri na 0.13 mchana, ukuzaji 71. Ingekuwa kwa muonekano ningeitupa.

Sasa naweka 2SB ya kwanza, namba 4 ya pili? Na kwa besi inafaa, au itakula sauti ya chini?

SoloWaTemeke

Dada, hiyo ndiyo kazi. Umenipita. Ndiyo, 2SB ya kwanza bila kusita. Hiyo ya 0.13 mchana ni mikroampia 50 na kitu tu, watu wanatafuta miaka. Namba 4 ya pili ni ya ukuzaji mdogo kidogo kuliko ninavyopenda, 86, lakini itakupa fazi laini, na kwa kwaya laini ni bora. Kwa besi ongeza ile kapasita ya kutokea, ya 0.01, iwe 0.1. Hiyo ndogo ndiyo inayozuia sauti za chini. Ya kuingilia, ya 2.2, iache.

FundiRedio_Wazamani

Binti amepima kama fundi. Mimi nilikuwa naandika namba hizo kwa kalamu kwenye plasta na kuibandika kwenye transista. Fanya hivyo, usije ukachanganya namba 4 na namba 2.

BesiYaKwaya

Ahsante mzee. Nimeshabandika. Nitaleta sauti ikiwa tayari.

Mgeni_Kinondoni

Mimi nilikwenda Gerezani jana kama mzee alivyoelekeza. Nimepata bodi mbili, kwa bei ya soda tatu. Moja ina kopo limeandikwa M na ile fremu ya mlango, 41. Diodi inasoma 0.19. Saa saba mchana, uvujaji 0.16, jumla 0.77. Ukuzaji 61. Hii ni ya kwanza ya kweli niliyowahi kushika.

SoloWaTemeke

Hongera sana kaka. Itunze, hiyo ni ya nafasi ya kwanza.

Mrejesho wa Ilala. Nilifika saa kumi jioni, bibi akanitazama navyofungua mgongo wa redio, hakusema kitu. Nikasafisha vishikio, nikaweka betri, kimya, hata mvumo hakuna. Nikakata mguu wa kopo wa AF117 ya kwanza. Kimya. Ya pili, kikasikika kitu kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili. Nilipokata wa tatu mkono ulikuwa unatetemeka. Nikazungusha kisahani polepole mpaka mwisho, nikarudi nacho, na katikati hapo, nyuma ya mikwaruzo, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika.

Bibi akasema nisiizime, niiache hapo hapo mezani. Nimeondoka imewaka.